Mwalimu wa Kuchomelea Apewa Kwaya

Aprili 10

Mkuu wa shule ameniita ofisini na kunimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Miaka ishirini na tisa nimefundisha kuchomelea vyuma katika shule hii, na hakuna mkuu aliyewahi kunimiminia chai. Nikajua papo hapo kwamba kuna jambo.

"Mwalimu Iwanaga," akasema Mkuu Sonoda, "wewe mwaka huu huna klabu, au sivyo?"

"Klabu ya judo ilikufa mwaka juzi, Mkuu. Unajua."

"Basi utakuwa mlezi wa kwaya."

Nilidhani nyundo zimeshaniharibu masikio. Kwaya! Hii ni shule ya ufundi ya wavulana, watoto wa mafundi wa meli, na tangu ijengwe hakuna aliyeimba humu ndani. Hata wimbo wa shule hauimbwi. Kikosi cha washangiliaji huupigia kelele huku ngoma kubwa ikipigwa, na sisi wengine tunafuata. Nimeusikia maelfu ya mara, na ukiniuliza leo tuni yake ikoje, sijui.

Mkuu akaeleza. Julai 15 shule inatimiza miaka hamsini, na anataka siku hiyo wimbo uimbwe kama ulivyotungwa. Ameajiri mwalimu wa muziki, Bi Urakawa, kwa muhula mmoja tu. Kwaya ikiimba vizuri siku hiyo, Bi Urakawa ataajiriwa moja kwa moja na kwaya itabaki. Ikishindwa, kwaya inakufa na yeye anafunga mizigo. Lakini wa muhula mmoja hawezi kuwa mlezi. Kanuni inataka mwalimu wa kudumu, mwenye muhuri, na awemo chumbani kila klabu inapokutana.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe una muda."

Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Mtu akikwambia una muda, anakuonyesha mlango. Nadhani wanataka niaibike mbele ya wazee wa shule ili niondoke kwa hiari yangu.

Aprili 11

Manyunyu. Nilipomweleza mke wangu, Fusae, alicheka mpaka akaweka vijiti vyake vya kulia chini. Sikuona cha kuchekesha.

Aprili 14

Nimemwona huyo Urakawa. Ana miaka ishirini na sita, mwembamba, na anainamia kila mtu hadi mlinzi wa lango. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu kazidi. Tabasamu la namna ile lina kitu nyuma yake.

Ameikuta karatasi ya wimbo wa shule kabatini, imeliwa na wadudu pembeni. Akaniomba niwaulize wavulana wangu wa karakana kama watajiunga, kwa sababu yeye anaogopa cheche.

"Si unawafahamu wewe, Mwalimu Iwanaga? Wakikusikia wewe watakuja."

Ananitanguliza mimi ili lawama zije kwangu.

Aprili 17

Nimewauliza. Mashine ya kusaga vyuma ilikuwa inanguruma, kwa hiyo nilipita meza hadi meza na daftari.

"Ide! Nikuandike kwaya?"

"Kekko, Mwalimu!" akajibu, akipunga mkono mbele ya uso, maana cheche zilikuwa nyingi.

Kekko, yaani vyema. Nikamwandika. Wa pili naye kekko, wa tatu kekko, mpaka tisa. Nikapiga muhuri wangu mwekundu chini ya majina na kuyapeleka kwa Mkuu kabla ya saa sita.

Mchana wali haukushuka. Wavulana hawa tisa hawakubaliani hata zamu ya kufagia ni ya nani. Leo wamekubali kuimba bila kuuliza swali moja. Si bure.

Aprili 21

Mazoezi ya kwanza. Wale tisa waliingia kama watu wanaoenda kung'olewa meno. Nyuma yao, bila kualikwa, akaingia Kusano, nahodha wa kikosi cha washangiliaji, na lile koti lake jeusi linalofika magotini, pamoja na wenzake wanne. Kusano ana mabega ya mlango na sauti iliyokwaruzika kwa kelele za miaka miwili.

"Tumekuja kuimba," akasema.

Wote sasa ni kumi na wanne. Bi Urakawa karibu alie kwa furaha. Akawaambia waimbe kwa nguvu, wasiogope. Kusano na wanne wake wakafungua vinywa, na vioo vya dirisha vikatetemeka. Bi Urakawa akarudi nyuma hatua mbili.

Wimbo wa shule ni mali ya kikosi cha Kusano tangu zamani. Nahodha hawezi kuja kwa miguu yake mwenyewe kumkabidhi mwanamke mgeni mali ya kikosi chake. Nimeandika jina lake kwenye daftari langu la karakana, ukurasa wa kasoro.

Aprili 24

Wameimba vibaya.

Aprili 26

Vibaya zaidi.

Mei 9

Leo nimegundua jambo, na nililigundua kwa ufundi wangu.

Chuma ukitaka kujua kama kina ufa ndani, huhitaji kukipasua. Unakigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kizima kinalia, chenye ufa kinanung'unika. Basi leo, Bi Urakawa akiwa kwenye piano, nilitembea taratibu mbele ya mstari, sikio langu karibu na kila kinywa. Watano wa Kusano walisikika, tena kupita kiasi. Tisa wangu hawakusikika kabisa. Midomo ilikuwa inafunguka na kufungika kama ya samaki wa bwawani wanaosubiri makombo, na ndani hakuna kitu. Nikarudi tena toka mwisho hadi mwanzo. Kitu hakuna.

Wavulana tisa hawawezi kunyamaza kwa pamoja bila kupangwa. Na wa kuwapanga namjua. Tisa wakinyamaza, kelele za wale watano zinabaki peke yake, na Julai wimbo unarudi kwenye kikosi kama ulivyokuwa. Werevu sana.

Sikumwambia Bi Urakawa. Naye simwamini bado.

Mei 19

Nilimwita Kusano chumba cha walimu. Alisimama wima kama nguzo.

"Nani aliwaambia wale tisa wasiimbe?"

"Sijui, Mwalimu."

"Unadhani mimi ni mtoto?"

"Hapana, Mwalimu."

"Wimbo ukiharibika, nani atafurahi? Jibu!"

Akainama, akabaki ameinama mpaka nilipomwambia aondoke. Mtu asiye na hatia angejitetea. Mwalimu wa hesabu alijifanya anasahihisha madaftari, lakini nilimwona anasikiliza. Sasa na yeye simwelewi.

Mei 30

Fusae ameuliza kwaya inaendeleaje. Nimemuuliza nani amemtuma kuuliza.

Juni 6

Msimu wa mvua umeanza rasmi. Karakana yote inanuka kutu. Vifaa nilivyopangusa asubuhi, jioni vimeshavaa vumbi jekundu.

Leo kikao cha idara kilinichelewesha. Bi Urakawa alipaswa kunisubiri, maana bila mlezi klabu haikutani, lakini nilipofika korido ya ghorofa ya pili nikasikia kitu. Nikasimama. Sauti zilikuwa nyingi, za chini na za juu, zinapishana na kukutana. Ilichukua muda kuelewa kwamba ule ni wimbo wa shule yetu. Hivi ndivyo ulivyo! Nikabaki na mwavuli unachuruzika maji kwenye viatu vyangu.

Nikafungua mlango. Zile tisa zikakatika kama umeme.

"Endeleeni," nikasema.

Wakaendelea. Midomo tu.

Nikawapima. Nikasema naenda kunywa maji, nikatembea kwa kishindo hadi ngazi, kisha nikarudi kwa soksi, viatu mkononi. Wanaimba! Nikaingia, kimya. Kwa hiyo kwa Bi Urakawa wanaimba na kwangu hawaimbi, na yeye anajua, na amekaa ananitabasamia karibu miezi miwili. Njama hii ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Nyumbani nilimsimulia Fusae yote, nikitegemea atashangaa. Alikuwa anapaka samaki chumvi.

"Baba," akasema bila kugeuka, "hata mimi siimbi ukiwemo nyumbani."

"Wewe huimba?"

"Kila siku."

Tumeoana miaka thelathini na moja. Sijawahi kumsikia.

Juni 7

Mvua. Sikuandika kitu jana baada ya hapo, na leo sina la kuandika.

Juni 12

Nimeandika barua kwa Mkuu: kwaya imeingiliwa, naomba ifungwe kabla ya aibu. Nimeipigia muhuri. Iko mfukoni. Bado sijaitoa.

Juni 23

Siku ndefu, na nitaiandika yote.

Mvua ilipiga bati la karakana asubuhi nzima. Somo lilipokwisha nikafunga mlango, nikawapanga wale tisa mbele ya meza yangu, nikaiweka ile barua juu ya meza.

"Barua hii ikienda kwa Mkuu leo, kwaya imekwisha na mwalimu wenu wa muziki anapanda treni. Sasa nataka kujua. Nani aliwatuma mnyamaze mbele yangu? Ni Kusano?"

Wakatazamana. Ide, mdogo kuliko wote, ambaye hata kofia ya chuma inamfunika nyusi, akajibu.

"Hakuna aliyetutuma, Mwalimu."

"Basi kwa nini mlikubali kujiunga?"

Mmoja nyuma akapumua puani, na nikaona kwamba anazuia kicheko.

"Semeni!"

"Mwalimu," akasema Ide, "hatukukubali. Tulisema kekko."

Kekko ni vyema. Lakini kekko pia ni asante, sitaki, imenitosha, kama mtu anayeziba kikombe kwa kiganja chai inapoletwa mara ya pili. Ni mimi mwenyewe niliyesikia nilichotaka. Na ule mkono uliopunga mbele ya uso haukuwa unafukuza cheche. Ulikuwa unasema hapana. Mtoto mdogo angeuelewa.

"Wote tisa?"

"Wote, Mwalimu."

"Na hamkusema kitu!"

"Muhuri ulikuwa umeshapigwa," akasema mwingine. "Na ni wewe."

"Ni mimi, ndiyo nini?"

Nilijua kwamba nikipaza sauti sitapata jibu kamwe, kwa hiyo nikakaa chini, jambo ambalo silifanyi karakana. Ide akavua kofia.

"Mwalimu, wewe ukitazama kitu unatafuta ufa. Kwenye chuma ni sawa, ndiyo tunajifunza. Lakini sauti... sauti haina mahali pa kuificha. Ile siku ulipopita na sikio, mimi nilitaka kutoroka. Ukitoka, inatoka yenyewe. Ukiingia, koo linafunga. Si kwamba tunakataa. Tumejaribu. Hata jana tulijaribu."

"Bi Urakawa anajua?"

"Anajua. Alisema tusikwambie, utaumia."

Nimeumia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nimeumia kuliko siku judo ilipokufa. Miezi miwili na zaidi nimesaka adui wa kwaya hii, nimemwinamisha mtoto wa watu mbele ya walimu wenzangu, na adui alikuwa anaingia kwa mlango wa mbele na daftari kwapani.

Nikawaambia, "Basi nitayafuta majina yenu. Nitakwenda kwa Mkuu niseme kosa ni langu."

Hawakufurahi kama nilivyotegemea. Wakatazamana tena.

"Usiyafute, Mwalimu," akasema Ide. "Wimbo wenyewe tumeshaupenda."

Barua nimeichoma kwa moto wa gesi. Iliungua mara moja.

Juni 24

Nimemfuata Kusano uwanjani, kwenye mvua, kikosi chake kikimtazama. Nikainama mpaka maji yakaniingia kwenye kola. Alishtuka kuliko nilipomgombeza.

"Mwalimu, inuka, watu wanaona!"

"Waone. Nilikusingizia. Lakini niambie kitu kimoja. Ulikuja kwaya kwa nini?"

Akajikuna shingo. "Nimeupigia kelele ule wimbo miaka miwili. Sauti imekwisha, na sijawahi kujua ukoje. Nilitaka kuujua kabla sijamaliza shule."

Nilitafuta kitu nyuma ya maneno hayo. Nilitafuta kwa bidii, kwa mazoea. Hakikuwepo.

Juni 26

Nimekaa koridoni, juu ya kopo la rangi, mlango umefungwa. Kwenye kitabu cha klabu nimepiga muhuri kwamba mlezi alikuwemo chumbani. Ni uongo wangu wa kwanza kwenye kitabu cha shule. Bi Urakawa alipokiona alisoma, akanitazama, akafunga kitabu.

"Asante, Mwalimu Iwanaga."

Tabasamu ni lilelile. Nadhani ndivyo uso wake ulivyo tu.

Julai 1

Korido ina mbu. Sauti za chini bado zinachelewa ubeti wa pili.

Julai 4

Hazichelewi tena.

Julai 8

Nimerudi nyumbani mapema, nikavua viatu polepole mlangoni. Jikoni alikuwa anaimba. Nikatoka tena nje, nikazunguka mtaa mzima kwenye mvua, nikarudi kwa kishindo.

Julai 12

Mkuu ametoa mpangilio wa viti. Mlezi wa kwaya atakaa mstari wa mbele, katikati, hatua nane kutoka jukwaani, pamoja na wazee wa shule.

Nikaomba nikae nyuma. Akakataa. Nikasema huenda siku hiyo nitaumwa.

Mkuu akaweka kalamu chini. "Mlezi asipokuwepo, klabu haipo, na haitapanda jukwaani. Kanuni ni kanuni. Kuna tatizo gani, Mwalimu Iwanaga?"

Ningemwambia nini? Kwamba kwaya yake haijawahi kuimba mbele ya mlezi wake, na kile kitabu chenye muhuri kinadanganya tangu Juni? Angeifuta leo leo. Nikasema hakuna tatizo. Alinitazama kwa jicho la mashaka, na ni haki yake.

Nimewaambia wavulana. Ide akasema, "Tutafumba macho, Mwalimu." Bi Urakawa akasema wakifumba hawataona mikono yake. Hakuna aliyecheka.

Julai 14

Tumejaribu leo, mimi nimekaa mbele hatua nane. Watano wameimba. Kati ya tisa, nimesikia mmoja, kidogo, kisha akakatika. Ide ametoka akilia. Bi Urakawa amefunga piano. Nimeona barua ya mwenye nyumba yake imechomoza kwenye mkoba. Anatakiwa aseme kama anabaki au anahama.

Fusae amenipigia pasi suti nyeusi. Sijui nitafanya nini kesho.

Julai 15

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Watu mia sita, mvua juu ya paa, joto la kufukuta. Wazee wa shule, mafundi wastaafu wa bandari, walikaa kulia na kushoto kwangu na medali zao. Hotuba tatu. Kisha mtangazaji akasema, kwa mara ya kwanza katika historia ya shule, wimbo wa shule utaimbwa na kwaya.

Wakapanda, kumi na wanne. Kusano alikuwa amevua lile koti. Ide alikuwa katikati, na macho yake yalitua kwangu moja kwa moja, hatua nane. Nikajaribu kutabasamu. Sijui nilitoa sura gani, lakini alizidi kupauka.

Bi Urakawa akapiga mwanzo wa piano. Akainua mikono. Watano wakaanza, wakasikia kwamba wako peke yao, na kwa aibu wakanyamaza nao. Piano ikasimama. Ukumbi ukakohoa. Mzee wa kulia akaniegemea, "Ndiyo wako hawa?"

"Ndiyo wangu," nikasema.

Bi Urakawa akapiga mwanzo tena. Niliona Mkuu akigeuza kichwa kumtafuta mtangazaji, ili amalize aibu hii.

Nikasimama. Mstari wa mbele, katikati, nikasimama peke yangu, nikawapa wavulana mgongo.

Watu mia sita wakanitazama mimi. Mkuu alinionyesha kwa kidole nikae. Mzee wa kulia akanivuta koti. Minong'ono ikaenda hadi milangoni, mzee kapatwa na nini, na mimi nimeweka mikono pembeni kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Tangu nianze kazi sijawahi kugeuzia mgongo wavulana walioshika kitu chochote, na mgongo wangu ulikuwa unaungua. Kila mfupa ulitaka nigeuke nihakikishe. Sikugeuka.

Piano ilipofika mwisho wa mwanzo, sauti moja ikatoka, nyembamba, nikaijua ni ya Ide. Kisha ya pili. Kisha zikaja zote kwa pamoja, za chini na za juu, na wimbo ule ambao shule hii imeupigia kelele miaka hamsini ukapita juu ya mabega yangu na kuingia ukumbini.

Mwanzo walinitazama mimi. Mzee wa kulia akaliachia koti langu. Mlangoni wanawake wakaacha kujipepea. Kufikia ubeti wa pili hapakuwa na mtu hata mmoja katika ukumbi ule aliyekuwa ananitazama, na nililia waziwazi, kwa sababu nilijua hakuna atakayeona.